Je, Wajua? Marekani na Kanada, Majirani Wanapokosana

Je, wajua kuwa nguruwe mmoja nusura azue vita kati ya Marekani na Uingereza? Tarehe 15 Juni 1859, katika kisiwa cha San Juan, kwenye ncha ya magharibi ya mpaka, mlowezi wa Kimarekani aitwaye Lyman Cutlar alimkuta nguruwe akifukua viazi shambani mwake. Akampiga risasi. Nguruwe alikuwa mali ya kampuni ya Kiingereza ya Hudson's Bay, na kisiwa chenyewe kila upande ulidai ni wake. Wakashindwa kuelewana juu ya fidia. Haukupita muda, askari wa Marekani zaidi ya 400 walikuwa wamepiga kambi kisiwani, na manowari tano za Uingereza zimetia nanga mbele yao. Hakuna aliyefyatua risasi nyingine. Majeshi hayo mawili yalikaa pamoja kisiwani, kila moja kambini kwake, hadi mwaka 1872, pale Kaizari Wilhelm wa Kwanza wa Ujerumani, aliyeombwa kuamua, alipokitoa kisiwa kwa Marekani. Katika zogo lote hilo aliyeuawa ni nguruwe peke yake.

Je, wajua ni nani aliyeichoma Ikulu ya Marekani? Wakanada wengi husema ni wao. Sivyo hasa. Aprili 1813, katika vita vya Marekani na Uingereza, Wamarekani waliingia York, ambayo leo ni Toronto, na majengo ya Bunge yakateketezwa. Agosti 1814 ikawa zamu ya Washington. Lakini askari walioiwasha moto walikuwa Waingereza, wengi wao wametoka kupigana na Wafaransa huko Ulaya.

Je, wajua kwamba kubanwa kibiashara kulichangia kuzaliwa kwa Kanada? Mwaka 1854 makoloni ya Uingereza yaliyokuwa kaskazini yalikubaliana na Marekani kufanya biashara bila ushuru kwa mazao mengi. Mwaka 1866 Marekani ikaufuta mkataba huo. Mwaka huohuo Waairishi wenye silaha, wengi wao wakongwe wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, walivuka mpaka na kuyashambulia makoloni. Tarehe 1 Julai 1867 makoloni matatu yakaungana kuwa nchi moja. Mimi naamini hili ndilo jambo ambalo Washington imechelewa mno kulielewa: kila inapombana jirani yake, Wakanada husogeleana. Tangu hapo limejirudia mara kadhaa.

Mwaka 1903, kwa mfano, mpaka wa Alaska uliamuliwa na watu sita: Wamarekani watatu, Wakanada wawili na Mwingereza mmoja, Lord Alverstone. Mwingereza akapiga kura pamoja na Wamarekani. Wakanada wawili wakakataa kutia saini. Uchungu wa siku ile uliwafunza kwamba wasipojisemea wenyewe hakuna wa kuwasemea, na mwaka 1909 Kanada ikaanzisha idara yake ya mambo ya nje.

Je, wajua kuwa maneno ya mwanasiasa wa Marekani yaliwahi kusaidia kumwangusha Waziri Mkuu wa Kanada? Wilfrid Laurier, aliyekuwa madarakani tangu 1896, alikubaliana na Rais Taft kupunguza ushuru. Ndipo Champ Clark, kiongozi wa Democrats katika Bunge la Marekani, akatamka kwamba anatumaini kuona bendera ya nchi yake ikipepea kaskazini yote hadi kwenye ncha ya dunia. Wapigakura wa Kanada walimsikia vizuri. Katika uchaguzi wa 1911 Laurier akashindwa na mkataba ukafa.

Je, wajua kuhusu mayai? Mwaka 1930 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya Smoot-Hawley na kupandisha ushuru wa maelfu ya bidhaa, mayai yakiwemo. Kanada nayo ikapandisha ushuru wake wa mayai kutoka senti 3 hadi senti 10 kwa dazeni. Aliyeumia zaidi ni mfugaji wa Marekani, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akiuza mayai mengi ng'ambo ya mpaka.

Je, wajua kwamba nchi hizi zinagombania mbao tangu 1982? Misitu mingi ya Kanada ni mali ya serikali za majimbo, na mkata miti hulipa ada iliyopangwa na serikali. Marekani misitu mingi ni ya watu binafsi, na bei hupangwa na soko. Wenye viwanda vya mbao wa Marekani wanasema ada ile ndogo ni ruzuku iliyofichwa, Wakanada wanakana. Mikataba imesainiwa, imekwisha muda, kesi zimerudi upya. Wakati wote huo Mmarekani anayejenga nyumba ndiye anayebeba sehemu ya gharama.

Kanada nayo si malaika. Siagi inayoingia nchini humo kupita kiwango kilichoruhusiwa hutozwa ushuru wa asilimia 298.5, na jibini asilimia 245.5, ili kuwalinda wafugaji wake wa ng'ombe wa maziwa. Malalamiko ya wafugaji wa Wisconsin, Marekani, yana msingi.

Je, wajua jinsi Kanada inavyochagua pa kupiga? Mwaka 2018 Rais Trump aliiwekea ushuru wa asilimia 25 kwenye chuma na asilimia 10 kwenye alumini, akitaja usalama wa taifa. Kanada ikajibu tarehe 1 Julai, sikukuu yake ya taifa. Katika orodha yake kulikuwa na wiski, ambayo kwa wingi hutoka Kentucky, kwao Mitch McConnell, aliyekuwa kiongozi wa Seneti. Kulikuwa pia na mtindi, uliotoka zaidi Wisconsin, kwao Spika Paul Ryan.

Awamu ya ushuru ya 2025 iliuma kwa namna nyingine, kwa sababu iliambatana na maneno ya Trump ya kuifanya Kanada jimbo la 51. Na hawa Wakanada ni watu ambao Septemba 11, 2001, anga ya Marekani ilipofungwa, walipokea ndege 38 katika mji mdogo wa Gander na kuwalisha na kuwalaza abiria na wahudumu wa ndege wapatao 6,600. Machi 4, 2025, ushuru ulipoanza, wafanyakazi wa maduka ya pombe ya serikali ya Ontario waliziondoa rafuni chupa zote za Marekani. Mkuu wa kampuni inayotengeneza Jack Daniel's alilalamika kuwa hatua hiyo ni mbaya kuliko ushuru. Alikuwa sahihi: ushuru hupandisha bei, lakini chupa isiyokuwepo dukani hainunuliki kabisa.

Je, wajua kwamba wiki chache kabla ya hapo, Februari 15, mashabiki wa hoki ya barafuni mjini Montreal waliuzomea wimbo wa taifa wa Marekani, kisha wachezaji wa nchi hizo mbili wakapigana mara tatu katika sekunde tisa za kwanza? Siku tano baadaye, mjini Boston, Kanada iliishinda Marekani 3-2 katika fainali, kwenye muda wa nyongeza. Kutoka kwenye mchezo huohuo wa hoki Wakanada wakapata kauli yao ya "Viwiko juu!", kwa kumbukumbu ya Gordie Howe, Mkanada aliyesifika kwa kiwiko chake na aliyecheza misimu 25 Detroit, Marekani.

Aprili 28 wakapiga kura. Chama cha Liberal, kilichokuwa nyuma kwa zaidi ya pointi 20 katika kura za maoni mwezi Januari, kikashinda chini ya Mark Carney. Mpinzani wake Pierre Poilievre akapoteza hata kiti chake mwenyewe.

Je, wajua kuna maktaba iliyokaa juu ya mpaka? Haskell, iliyofunguliwa 1904, iko nusu Vermont, nusu Quebec, na mstari mweusi umekatiza sakafu ya chumba cha kusomea. Mlango mkuu uko Marekani. Kwa miaka mingi Wakanada walitembea tu hatua chache kando ya barabara wakaingia. Machi 2025 Marekani ikaanza kuuzuia utaratibu huo, wakabaki kupitia mlango wa dharura wa nyuma. Wakachanga fedha za kujenga mlango upande wao, na mwandishi wa riwaya Louise Penny akatoa dola 50,000 za Kanada.

Na je, wajua kuwa hadi leo kipo kisiwa ambacho hawajakubaliana ni cha nani? Ni Machias Seal, kati ya Maine na New Brunswick. Kanada huweka watu kwenye mnara wake wa taa, ingawa taa inajiwasha yenyewe. Ugomvi wenyewe uko majini, kwenye kambakochi. Sheria ya Maine humlazimu mvuvi kumrudisha baharini kambakochi aliyezidi ukubwa fulani, ili aendelee kuzaa. Sheria ya Kanada haimlazimu mvuvi wake. Kwa hiyo kambakochi anayetupwa majini na Mmarekani asubuhi anaweza kuingia kwenye mtego wa Mkanada jioni, na mitego ya pande zote mbili imelala katika bahari ileile, kamba za kuivutia zikisokotana.