Mkalimani wa Mashine Huko Longisa

Chai inayopigwa mnada hapa kwetu Mombasa hukaushwa kwanza huko bara, na joto likikosewa, majani yameharibika. Juzi niliitwa kwenye kiwanda kimoja upande wa Longisa, kaunti ya Bomet. Walinunua kipimajoto kipya cha kikaushio, lakini kidhibiti, yaani ubongo wa mtambo, hakikuelewana nacho.

Tatizo lilikuwa lugha. Kipimajoto kilizungumza Modbus, itifaki iliyobuniwa mwaka 1979 na kampuni ya Modicon ya Marekani. Kidhibiti kilijua Profibus tu, ya Wajerumani. Hapo huunganishi waya kwa waya ukaondoka. Hufungwa kigeuzi katikati: kijisanduku kinachouliza upande mmoja kwa lugha yake, kinaweka jibu, kisha kinalitoa upande wa pili.

Nikakifunga, taa ikawaka kijani. Nikafurahi bure! Taa ile huonyesha tu kwamba wanasikilizana. Kikaushio kilikuwa nyuzi 100, skrini ikasema sifuri. Kumbe Modbus hutumia rejista za biti 16, na namba yenye desimali kwa kawaida hujaza mbili. Kigeuzi kilizipanga kinyume, ya pili ikatangulia, mia ikasomeka kama si kitu.

Lau kidhibiti kingeachiwa kazi, kingedhani kikaushio kimepoa, kifungue mvuke zaidi, na jasho la wakulima liungue. Nikageuza mpangilio, nikalinganisha na kipimajoto cha mkono mara tatu, ndipo nikamwambia msimamizi awashe.