Umri wa Gari Hauko Kwenye Namba

Anayetafuta gari la bei nafuu Tunduma huulizwa na dalali swali moja kabla ya mengine yote: unataka namba gani? Namba B ina bei yake, namba C yake, namba D imepanda, na namba E ni ya mwenye fedha zake. Herufi hiyo inayofuata tarakimu kwenye kibao cha namba imegeuka kuwa kipimo cha umri wa gari nchini kote. Kumbe inachoeleza ni kitu kimoja tu: gari lilisajiliwa lini Tanzania. Toyota IST iliyotoka kiwandani mwaka 2003 inaweza kuwa ilitumika Japani miaka 7 ikaja kusajiliwa hapa kwa namba B. Nyingine ya mwaka huohuo ikakaa huko miaka 15, ikaja kupewa namba D, na leo inauzwa ghali kuliko mwenzake. Mwaka halisi wa kutengenezwa umeandikwa kwenye kadi ya gari, na mara nyingi lebo ndogo iliyoshonwa chini kabisa ya mkanda wa kiti nayo ina tarehe. Ni rahisi kubadili kapeti na kupiga rangi upya. Ni wachache wanaokumbuka mkanda.

Baadhi ya nchi jirani zimeamua kutumia umri kama kizuizi. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Uganda ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Tanzania haikuweka ukomo wa namna hiyo. Huongeza ushuru gari linapokuwa kuukuu. Ndiyo maana sokoni kwetu yanakutana magari ya miaka 10 na ya miaka 25, na mnunuzi wa Mbozi, Momba au Ileje ndiye anayebaki na kazi ya kutofautisha uzee unaovumilika na ule usiovumilika.

Gari huzeeka kwa njia mbili. Kilomita hula vyuma vinavyosuguana: ringi za pistoni, beringi, meno ya gia. Miaka hula vitu ambavyo havisubiri gari litembee: mpira hukauka na kupasuka, bati hupata kutu, mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani. Wanunuzi wengi hukazana na kilomita zilizoandikwa kwenye dashibodi, ambazo zinaweza kurudishwa nyuma na mtu mwenye kompyuta. Kwa gari la miaka 20 la kutembelea kila siku, mimi nasema uzee wa pili ndio wa kuogopwa zaidi, hasa katika nyanda za juu kama hizi.

Tunduma ipo takribani mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kanieneo ya hewa hapa ni pungufu kwa asilimia 17 hivi kuliko Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na turbo inavuta hewa kidogo kila pumzi na kupoteza karibu asilimia 15 ya nguvu zake. Dereva aliyenunua gari la lita 1.0 pwani akalileta huku hulalamika kwamba limechoka, kumbe ni hewa. Hilo halidhuru. Linalodhuru ni jinsi kanieneo hiyohiyo inavyogusa maji yaliyomo kwenye rejeta.

Maji ya wazi Dar es Salaam huchemka kwa nyuzi 100 za Selsiasi. Tunduma huchemka kwa nyuzi 95 hivi, na mama yeyote anayepika maharage huku anajua yanachukua muda mrefu kuiva. Ndani ya gari kuna kinga dhidi ya jambo hilo, nayo ni mfuniko wa rejeta. Mfuniko ule una springi inayobana na kufanya maji yakae chini ya kanieneo kubwa kuliko ya nje. Ukiwa mzima, maji hayachemki mpaka yapite nyuzi 115. Springi ikilegea au mpira wake ukipasuka, kinga imekwisha. Sasa fikiria: feni za magari mengi madogo huanza kuzunguka maji yanapokaribia nyuzi 95. Kwa mfuniko mbovu, Dar es Salaam gari bado lina nafasi ya nyuzi kadhaa kabla ya kuchemka. Tunduma halina hata moja. Feni inaanza kazi wakati maji yameshaanza kutoa mapovu, na povu halipoozi chuma. Gari lililokuwa zima Kibaha linaanza kuchemsha likifika Mlowo, na fundi anaambiwa ashushe injini, wakati kilichokufa ni kifaa cha bei ndogo kuliko vyote pale mbele.

Likichemsha mara moja tu kwa dereva anayeng'ang'ania kufika, madhara yake ni ya kimahesabu. Injini nyingi za Toyota za miaka ya 1990, kama 4A na 5A zilizomo kwenye Carina na Corolla, zina bloku ya chuma cha kusubu na silinda hedi ya aluminiamu. Aluminiamu hutanuka mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Hedi yenye urefu wa sentimita 40 ikipanda nyuzi 80 inataka kurefuka kwa milimita 0.7 hivi, huku bloku iliyo chini yake ikitaka nusu ya hapo. Boliti huvumilia tofauti hiyo kila siku kwa miaka. Joto likizidi kipimo, hedi inapinda, gasketi inaachia, na maji yanakutana na oili. Muuzaji anajua dalili hizo kama unavyozijua wewe, ndiyo sababu atamwaga oili na kuweka mpya asubuhi ya siku unayokuja.

Hapa ndipo nina ugomvi na desturi moja ya gereji zetu. Gari likichemsha, mafundi wengi hutoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba Afrika ni joto na kifaa hicho kilitengenezwa kwa ajili ya baridi ya Wajapani. Themostati ni mlango unaobaki umefungwa mpaka maji ya injini yafike nyuzi 80 hivi, ndipo unaporuhusu yaende kwenye rejeta. Bila mlango huo, maji huzunguka kwenye rejeta tangu injini inawashwa. Asubuhi za Juni na Julai Tunduma, upepo ukivuma, gari la namna hiyo linaweza kutoka Majengo mpaka mpakani na kurudi bila kufikia joto lake la kazi hata mara moja.

Ubaya wa injini isiyopata moto ni huu. Kila lita moja ya petroli inapoungua huzaa karibu lita moja ya maji, kwa sababu haidrojeni iliyomo ndani yake huungana na oksijeni ya hewani. Maji hayo hutoka kwa ekzosi yakiwa mvuke. Ule moshi mweupe mwepesi unaoonekana asubuhi ya baridi na kupotea baada ya dakika chache ndio huo, wala si ugonjwa. Lakini katika injini baridi, sehemu ya mvuke hupenya pembeni mwa pistoni na kugeuka maji ndani ya oili. Injini ikipata moto vya kutosha, maji hayo huvukizwa. Isipopata, yanabaki, yanachanganyika na mabaki ya petroli na asidi, na oili inakuwa tope linaloziba njia. Ekzosi nayo huliwa na kutu kutoka ndani. Kompyuta ya injini, ikiona joto liko chini, huongeza petroli kila sekunde. Kwa hiyo gari lililotembea kilomita 200,000 kwenye barabara kuu ya TANZAM, injini ikiwa na joto lake sawasawa, linaweza kuwa na afya kuliko lililotembea 80,000 za kwenda sokoni na kurudi.

Namna ya kulipima hilo haigharimu kitu. Mwombe muuzaji asiliwashe gari kabla hujafika. Likiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta: kama ndani kuna kulanti safi, ya kijani au nyekundu, mwenye gari alikuwa mtu anayejali, kama kuna maji ya rangi ya matope mekundu, miaka kadhaa wamekuwa wakiongezea ya bombani, na kutu imeshajenga ganda ndani ya mirija. Kulanti hubeba dawa inayozuia aluminiamu na chuma visilane ndani ya maji, na hupandisha kiwango cha kuchemka. Kisha liwashe na uangalie geji ya joto. Ndani ya dakika kumi za kuendesha inapaswa kupanda karibu na katikati na kutulia. Ikibaki chini, themostati haipo au imekufa. Ukimaliza safari ya majaribio, liache likiunguruma mpaka feni ianze yenyewe, usikubali kuharakishwa.

Baada ya hapo, ingia chini ya gari utafute kutu. Karibu na Vwawa, wilayani Mbozi, kimelala kimondo chenye uzito wa tani 16 hivi, asilimia 90 yake chuma, ambacho wanasayansi walikitambua mwaka 1930. Mvua za karne hazijakimaliza. Kina nikeli ya karibu asilimia 9 inayopunguza kasi ya kutu, na zaidi ya hapo kina unene: kutu inakula juu, ndani hakufikiki. Bati la gari halifiki unene wa milimita moja. Chuma kikigeuka kutu huvimba na kuchukua nafasi zaidi ya maradufu, kwa hiyo hupasua rangi na kufungua njia kwa maji mengine. Magari yaliyotumika kaskazini mwa Japani, Hokkaido na pwani ya theluji, yametembea miaka juu ya chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Chumvi ile hujificha kwenye mikunjo ya chasisi na kuendelea na kazi hata gari likishafika kwetu. Inua kapeti la miguuni. Gonga kwa kifundo cha kidole chini ya milango. Bati zima hulia, puti haina sauti. Angalia mahali ambapo bushi za mbele zimefungwa na pale jeki inapokaa.

Msimamo wangu katika jambo hili hautapendwa na wengi, maana mnunuzi wa kawaida huenda na fundi wa injini tu. Kama bodi na chasisi ni nzima lakini injini imechoka, jadiliana bei na ulinunue. Injini ya mtumba kwa Toyota za kawaida inapatikana Dar es Salaam na hata Mbeya, na fundi anaifunga kwa siku chache. Kama injini inanguruma vizuri lakini chini kumeoza, ondoka. Hakuna duka la chasisi, na gari lililooza halina kitu cha kushikilia injini yako nzuri siku ya ajali.

Breki zina hesabu yake katika mkoa huu wa milima. Gari la kilo 1,100 likishuka mteremko wenye kimo cha mita 300, kama ule wa kuelekea Ileje au kushuka bonde la Rukwa upande wa Kamsamba, linatoa joto la kutosha kuchemsha karibu lita 10 za maji. Dereva asipotumia gia nzito, joto hilo lote linaishia kwenye diski na pedi. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya huchemka kwa nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu wa asilimia 3.7, kiwango kinashuka mpaka nyuzi 140. Yakichemka, mguu unazama mpaka chini na gari halisimami. Mafuta haya hubadilishwa kila baada ya miaka miwili, na ni nadra kukuta gari la namba C ambalo yamebadilishwa tangu lishuke melini. Tairi nazo zina tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT ni wiki na mwaka, kwa hiyo 2312 ni wiki ya 23 ya mwaka 2012. Kashata nene haiondoi miaka ya mpira.

Kuhusu mkanda wa taimingi, injini za 4A na 5A zinao na unahitaji kubadilishwa kila kilomita 100,000. Injini ya 1NZ ya IST inatumia mnyororo. Kama muuzaji hana uthibitisho kwamba mkanda ulibadilishwa, uhesabu kwenye bei.

Tunduma ina kishawishi ambacho Iringa haina. Kila siku magari ya IT, yaliyoshushwa bandarini na kuelekea Zambia na Kongo, hupita mbele ya macho yetu yakiwa safi na bei zake zikitajwa chini kwa sababu hayajalipiwa ushuru wa Tanzania. Ng'ambo ya mpaka, Nakonde, kuna yenye namba za Zambia. Gari la namna hiyo likibaki nchini bila kulipiwa ushuru ni mali inayoweza kukamatwa siku yoyote, na bei yake ya chini inageuka hasara yote kwa mkupuo.

Piga na hesabu ya mafuta kabla ya kukabidhi fedha, maana gari la bei rahisi mara nyingi ni lile lenye injini kubwa ambalo wengine wamelikimbia. Mtu anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi, gari likienda kilomita 8 kwa lita, atanunua lita 1,500 kwa mwaka. Kwa gari linalokwenda kilomita 14, lita 857. Tofauti ya zaidi ya lita 600 kila mwaka, kwa bei ya kituo chako cha mafuta leo, inalipia kulanti, themostati, mfuniko wa rejeta, mafuta ya breki na tairi nne, na bado inabaki.