Fleti bomba, lakini paipu ya umeme je?

Sema kweli mpenzi msomaji, dalali akikupeleka kuangalia fleti ghorofa ya nne pale Kariakoo au Upanga, unakagua nini? Marumaru, choo cha kukaa, makabati ya jikoni, na kama dirishani panaingia upepo. Ukiridhika unahesabu kodi ya miezi sita, unapewa funguo. Jumamosi washikaji wamejaa sebuleni, muziki juu.

Hakuna anayeuliza: umeme unapandaje mpaka huku?

Basi sikia. Kwenye maghorofa mengi mita za LUKU hupangwa chini. Kutoka pale kila fleti ina waya wake mnene unaopanda hadi kwenye meni swichi ya ndani. Huo ndio mama wa nyumba: friji, pasi, feni, jiko, vyote vinamnyonya yeye. Ili asichomwe na msumari wa picha wala kutafunwa na panya, hupitishwa ndani ya paipu ya plastiki ngumu au ya chuma.

Kasheshe inaanzia hapa. Kishoka anamwambia mwenye nyumba: "Mzee, ya nini kujitia hasara? Paipu moja inatosha fleti tatu." Mzee anapiga hesabu ya paipu na ya kutindua ukuta, anacheka, anakubali.

Lakini paipu si gunia la mkaa kwamba unashindilia mpaka lifumuke. Waya ukipitisha umeme unapata joto, na joto linataka pa kutokea. Umeme ukiongezeka mara mbili, joto linaongezeka mara nne! Ndiyo maana mafundi wanaofuata vipimo vya Uingereza hawajazi nyaya zaidi ya asilimia 45 ya nafasi iliyomo ndani.

Tupige hesabu ya jioni moja. Birika la wati 2,000 linavuta kama ampea 9. Hita ya kuogea ya wati 3,000 inavuta 13. Jiko la wati 3,000, 13 nyingine. Jumla 35. Waya wa milimita za mraba 6, ukiwa peke yake ndani ya paipu, unabeba kama ampea 41. Hapo huna wasiwasi. Lakini ukibanwa na nyaya za majirani wawili, nao wakipika saa hiyo hiyo, uwezo wake unashuka hadi kama 29.

Umeona? Wewe unavuta 35, waya unaweza 29, na breka ya 40 imetulia tu, haina habari. Plastiki ya waya inalainika taratibu ukutani, siku baada ya siku, mpaka siku ya shoti. Na moto ukianza kwenye paipu ya pamoja, hauulizi nani alilipa kodi.

Kwa hiyo kabla ya kutoa pesa, ulizia haya. Je, kila fleti ina paipu yake? Je, kuna kiungo cha waya kilichofichwa ndani? Hakitakiwi, kuunga ni kwenye boksi linalofunguka. Je, kati ya boksi na boksi kuna kona kali zaidi ya mbili? Hizo huchubua waya wakati wa kuvuta. Je, waya wa erthi umepanda pamoja na wenzake? Na tundu linalopita kwenye zege kati ya ghorofa na ghorofa, limezibwa ili moto na moshi visipate ngazi?

Muulize pia baba mwenye nyumba aliyefanya wayaringi ana leseni ya EWURA au ana bisibisi tu.

Kama umeshahamia, usipuuze dalili: taa zinafifia jiko likiwashwa, ukuta una joto, harufu ya plastiki usiku. Zima meni swichi, ita fundi mwenye leseni. Na akikushauri kuweka breka kubwa zaidi ili isiruke ovyo, mwonyeshe mlango. Breka inayoruka inakusemesha, ndugu yangu. Ukuta haukusemeshi.

Tukutane wiki ijayo, panapo majaliwa.