Jinsi Mwezi wa Barafu Ulivyopimwa

Sayari ya Zohali ina miezi mingi, na mmoja wao huitwa Enceladus. Uligunduliwa mwaka 1789 na William Herschel, mtaalamu wa nyota aliyekaa Uingereza. Katika darubini yake aliona nukta ya nuru tu. Hakuweza kujua umbo lake.

Mwaka 2004 chombo kiitwacho Cassini, kisichokuwa na mtu ndani, kilifika Zohali, kikapiga picha hata mwaka 2017. Mwaka 2005 mvuke na chembe za barafu zilionekana zikiruka kutoka upande wa kusini wa Enceladus. Watu wakaulizana: Je, chini ya barafu mna ziwa dogo, au bahari kubwa?

Jibu lilipatikana kwa kupima. Ajuaye umbali wa mti aweza kukadiria kimo chake asiukaribie. Vivyo hivyo umbali kati ya chombo na mwezi ulijulikana. Basi wataalamu wakapima katika picha ukingo wa mwezi, mahali weupe wa barafu unapokutana na weusi wa anga. Wakaona ya kuwa si mviringo kamili. Unene wake katika mstari uelekeao Zohali ni kilometa 513, bali kutoka ncha ya kaskazini hata ya kusini ni kilometa 497.

Tena walitia alama mamia ya mahali juu ya barafu, hasa mashimo, wakazifuata katika picha za miaka zaidi ya saba. Enceladus huelekeza Zohali uso ule ule siku zote, lakini alama zile zilionyesha kwamba huyumba kidogo huku na huku, kadiri ya nusu kilometa.

Yai lililochemshwa likizungushwa, huzunguka lote pamoja. Yai bichi ganda lake hutangulia, na ute wa ndani huchelewa. Kadhalika, kama barafu ingalishikamana na mwamba wa ndani, isingaliyumba kiasi hicho. Kwa hiyo mwaka 2015 wataalamu walitangaza ya kuwa chini ya barafu yote mna bahari, izungukayo mwezi mzima.

Bahari hiyo haijaonwa na jicho la mtu. Ilijulikana kwa hesabu, na kwa subira ya watu waliopima jambo dogo mara nyingi bila kuchoka.