Mawazo Yana Msimu Wake: Afya ya Akili Kati ya Palizi na Mavuno

Katika sehemu kubwa ya mikoa ya Dodoma na Singida mvua hunyesha katika msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hadi Aprili. Kinachovunwa baada ya hapo hupaswa kuilisha kaya mwaka mzima, na kwa kaya nyingi hakitoshi. Januari na Februari, wakati palizi inadai nguvu nyingi, ndipo ghala linapokaribia kuwa tupu. Na ndipo pia shule zinapofunguliwa, mzazi akatakiwa kununua sare, viatu na madaftari. Kwa mvuvi wa ngalawa huko pwani, miezi mizito ni ile ya kusi, upepo unapochafua bahari na chombo kikabaki ufukweni. Kwa mama lishe wa Dar es Salaam ni masika, barabara zinapojaa maji na wateja wakabaki makwao. Kila riziki ina miezi yake ya neema na miezi yake ya ukata.

Miezi hiyo hufika zahanati pia, ingawa mara chache hutajwa kwa jina. Mgonjwa huja akilalamikia kichwa, usingizi unaokatika usiku wa manane, moyo unaokwenda mbio au uchovu usioisha. Vipimo havionyeshi kitu. Akiulizwa zaidi husema, "Nina mawazo." Kwa msemaji wa Kiswahili maneno hayo hayana maana ya kufikiri tu, ni njia ya staha ya kusema kwamba mzigo umemzidi mbebaji. Mhudumu anayeyapuuza huenda amepuuza ugonjwa wenyewe.

Si mwanga, ni ghala

Uhusiano kati ya majira na hali ya moyo umeandikwa sana katika nchi za kaskazini. Mwaka 1984 daktari Norman Rosenthal na wenzake nchini Marekani walieleza aina ya sonona inayorudi kila majira ya baridi, wakajaribu kuitibu kwa mwanga mkali. Upungufu wa mwanga wa jua ndio unaohusishwa na hali hiyo: mjini Oslo, Norway, mchana wa mwishoni mwa Desemba hudumu takriban saa 6 tu. Dar es Salaam, tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote haifiki saa 1. Mtu anaweza kudhani, basi, kwamba karibu na ikweta akili haina majira. Inayo, ila aghalabu hayaletwi na jua. Huletwa na ghala, mfuko na deni.

Mwaka 2008 watafiti Craig Hadley na Crystal Patil walichapisha matokeo ya utafiti uliofanywa miongoni mwa wanawake wa Kipimbwe na Kisukuma magharibi mwa Tanzania. Wanawake hao walihojiwa katika misimu tofauti, ikaonekana kwamba mabadiliko ya dalili za wasiwasi na sonona yaliambatana na mabadiliko ya upungufu wa chakula nyumbani.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2013 katika jarida la Science, uliwahusu wakulima wa miwa wa jimbo la Tamil Nadu, India. Walipewa majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, wakiwa katika ukata, kisha wakapewa tena baada ya mavuno, wakiwa na fedha. Watu walewale walifanya vizuri zaidi baada ya mavuno. Watafiti walieleza kwamba hesabu zisizokwisha za deni na matumizi huchukua nafasi ya akili ambayo ingetumika kwa mambo mengine.

Jambo hili lina uzito katika kliniki. Mgonjwa wa kisukari anayesahau tarehe yake mwezi Februari, au asiyeshika maelekezo ya dawa ambayo Julai angeyashika bila taabu, si lazima awe mzembe. Anachohitaji ni maelekezo machache yaliyoandikwa, nafasi ya kuyarudia kwa maneno yake mwenyewe, na tarehe isiyogongana na kazi ya shamba au siku ya mnada. Karipio humwongezea mzigo, na huenda likamfukuza kabisa.

Kujiandaa kabla ya ukata

Ukata wa msimu una nafuu moja ambayo misiba mingine haina: aghalabu hujulikana kabla haujafika. Kaya inaweza kuketi baada ya mavuno, ikaorodhesha miezi 12 na kutia alama ile yenye upungufu wa chakula, kazi nzito, malaria, ada na michango, au kumbukumbu ya marehemu. Maandalizi hufanywa wakati wa neema: kutenga magunia ya chakula kabla ya kuuza, kuweka fedha za Januari katika kibubu au kikundi cha VICOBA, kununua madaftari kidogo kidogo. Mikopo ya riba kali, ile ambayo mitaani huitwa kausha damu, aghalabu huchukuliwa kwa haraka, mtu akiwa hana njia nyingine. Akiba ndogo iliyowekwa mapema inaweza kumwepusha na mikesha mingi.

Ukata ukishaingia, mambo madogo ya kila siku ndiyo yanayomshikilia mtu. Kulala na kuamka kwa saa ileile husaidia, na kutembea au kufanya kazi za mwili husaidia pia, kwa mtu aliyekula. Pombe humtuliza mtu jioni, lakini huharibu usingizi na kuzidisha huzuni. Hatari kubwa ni kujitenga. Aliyekosa mchango huona aibu kwenda kikundini. Aliyekosa nguo nzuri huacha kwaya. Na hivyo hupoteza watu wakati anapowahitaji zaidi. Kikundi chenye busara humruhusu mwanachama aje mikono mitupu.

Kukua kwa mtu hakuna maana ya kutohisi uzito wa miezi hiyo. Ni kuutambua mapema zaidi kuliko mwaka uliopita, na kumweleza mwenzi kwamba fedha zimekwisha kabla hasira haijamwambia kwa sauti nyingine.

Msimu unapogeuka ugonjwa

Upo mpaka ambao haufai kuvukwa kwa subira peke yake. Huzuni au kukosa hamu ya mambo kunakodumu sehemu kubwa ya siku, karibu kila siku, kwa wiki 2 au zaidi, pamoja na usingizi kuvurugika, chakula kutopita, kujiona hufai au kushindwa kazi za kawaida, ni dalili za sonona. Mwenye hali hiyo afike kituo cha afya, hasa ikiwa mavuno yamekuja na moyo haukurudi. Sonona hutibika. Dawa zake huchukua wiki kadhaa kuonyesha nafuu, na hazipaswi kuachwa bila ushauri wa mtaalamu.

Mazungumzo yaliyopangwa nayo ni tiba. Nchini Zimbabwe, ambako Washona huiita hali ya kulemewa na mawazo kufungisisa, daktari Dixon Chibanda alianzisha huduma inayotolewa kwenye mabenchi karibu na zahanati na akina bibi waliofundishwa kumsaidia mtu kuchagua tatizo moja na kulitafutia hatua. Matokeo ya utafiti wa Harare uliowahusisha watu 573, yaliyochapishwa mwaka 2016, yalionyesha kwamba baada ya miezi 6 waliopata huduma hiyo walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Mtu akisema kwamba amechoka kuishi, aulizwe waziwazi kama anafikiria kujiua. Swali hilo halimpandikizii wazo; humfungulia njia ya kusema. Asiachwe peke yake, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Katika kaya za wakulima, viuatilifu vihifadhiwe mahali panapofungwa kwa kufuli.

Mhudumu hana uwezo wa kuleta mvua wala kulipa deni la mgonjwa. Anaweza, hata hivyo, kuongeza swali moja katika mahojiano yake: "Miezi hii nyumbani mnaishije?" Jibu liandikwe kwenye faili pamoja na mwezi wenyewe. Mwaka unaofuata, mwezi huo ukikaribia, mgonjwa huyo awe miongoni mwa watu wa kwanza kutembelewa na mhudumu wa afya ngazi ya jamii.