Gari Kuukuu Likishindwa Mlima, Tusiihukumu Injini Kabla ya Kuipima

Katika sekta ya Rwimbogo, wilayani Rusizi, kusini magharibi mwa Rwanda, gari si pambo la nyumba. Ni chombo cha kazi, kinachopeleka mazao sokoni na kumfikisha mgonjwa hospitalini. Gari la namna hiyo likiwa na umri mkubwa, lalamiko la mwenyewe huwa ni lile lile: "Halina nguvu tena." Hapo ndipo hasara huanza. Mwenye gari huambiwa kwamba injini imekufa, akiba ya miaka hutolewa, injini hufumuliwa, na baada ya kazi yote hiyo gari hupanda mlima kwa unyonge ule ule.

Shabaha ya makala haya ni kuwaonyesha wenye magari na mafundi vijana kwamba upungufu wa nguvu si ugonjwa bali ni dalili, na kwamba dalili hupimwa kwa utaratibu, kuanzia lililo rahisi hadi lililo ghali.

FUNGU LA MLIMA

Kwanza yatupasa kutoa hesabu ya mlima wenyewe. Bonde la Mto Rusizi upande wa Bugarama liko kwenye kimo cha mita 950 hivi juu ya usawa wa bahari. Uso wa Ziwa Kivu uko kwenye mita 1,460, na barabara ya kutoka Kamembe kwenda Huye, ikatizapo msitu wa Nyungwe, hupita mita 2,000. Kadiri tupandavyo ndivyo hewa inavyozidi kuwa nyepesi, na injini isiyo na turbo hupoteza takriban sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000. Injini iliyotoka kiwandani na nguvu za farasi 75, ikifika mita 2,000 hubakiwa na 60 hivi, ingawa haina kasoro hata moja.

Kwa hiyo swali la kwanza si kama gari hupanda polepole. Swali ni kama hupanda polepole kuliko lilivyopanda mwaka jana, kwenye mlima ule ule na kwa mzigo ule ule. Ikiwa sivyo, fundi hana cha kutengeneza. Dereva na ashushe gia mapema na kupunguza mzigo.

KABLA YA KUSHIKA SPANA

Jeshini tulifundishwa kwamba gari hukaguliwa kabla ya safari, njiani na baada ya kurudi. Desturi hiyo yafaa kwa raia pia. Gari lisukumwe mahali tambarare. Likiwa zito kupita kiasi, huenda breki zinakamata, na gurudumu lenye kasoro hiyo huwa na joto kuliko mengine baada ya mwendo mfupi. Upepo wa matairi upimwe. Kama injini inanguruma kwa nguvu lakini mwendo hauongezeki, basi nguvu zipo, ila klachi inateleza na kushindwa kuzifikisha kwenye magurudumu.

Kisha injini izimwe, mtu mmoja akanyage pedeli ya mafuta hadi chini, na mwingine atazame kama kilango cha hewa cha kabureta kinafunguka chote. Waya uliolegea, au zulia lililokunjamana chini ya pedeli, waweza kumnyima dereva nguvu nyingi bila injini kuwa na kosa.

HEWA, MAFUTA NA MOTO

Kwenye barabara za vumbi, chujio la hewa ndilo mshukiwa wa kwanza. Baada yake, plagi zitolewe na kusomwa. Rangi ya kahawia hafifu ni ya afya. Masizi makavu meusi yanaonyesha kwamba mafuta yamezidi hewa: chujio limeziba, choki imekwama, au kabureta ilitegwa kwa ajili ya nchi za pwani. Unyevu wa oili huonya kwamba oili inapenya ndani ya silinda.

Gari linaloanza mlima vizuri kisha likalegea katikati huonyesha kwamba mafuta hayaji ya kutosha. Chujio la mafuta na pampu zikaguliwe, injini ikiwa imepoa, mbali na sigara na moto wowote. Kifuniko cha tangi nacho kifunguliwe; tangi likivuta pumzi kwa sauti na gari likarudiwa na nguvu, kitundu cha hewa cha kifuniko kimeziba.

Kwa upande wa moto, nafasi ya platini ipimwe kwa kufuata kitabu cha gari. Taimingi iliyochelewa huifanya injini ichemke na kulegea, hata kama huwaka kwa urahisi. Bomba la moshi lililobonyea au kuziba ndani lisisahauliwe, kwani injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuivuta.

KIPIMO KISITUDANGANYE

Yote hayo yakiwa sawa, ndipo mgandamizo wa silinda upimwe kwa geji. Injini iwe na joto lake la kazi, betri iwe na nguvu, plagi zote zitolewe na pedeli ikanyagwe hadi chini.

Hapa ndipo mlima huweza kumpotosha fundi. Kwenye kimo cha Kamembe, kanieneo la hewa limepungua kwa sehemu moja hivi katika sita ikilinganishwa na pwani. Silinda ambayo Mombasa ingeonyesha kilo 12 kwa sentimita ya mraba, hapa huonyesha 10 hivi. Asiyejua hilo ataihukumu injini nzima bila hatia. Fungu la mlima litolewe kwanza, kisha silinda zilinganishwe zenyewe kwa zenyewe. Moja ikiwa chini mno, itiwe kijiko kimoja cha oili na ipimwe tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechakaa. Kisipopanda, kasoro i katika vali au gasketi. Mbili zilizo jirani zikishuka pamoja, gasketi ndiyo ya kushukiwa.

Jambo hili si la fedha tu. Gari lililoelemewa likizimika mlimani huweza kurudi nyuma, na breki zinazosaidiwa na injini hupungua nguvu mara injini inapozimika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na pengine ukuta huo hujengwa kwa maisha ya abiria.

Basi, ndugu msomaji, ukiambiwa kwamba injini yako ifumuliwe, omba kwanza uandikiwe kwenye karatasi kipimo cha kila silinda. Fundi mwema hatachukizwa na ombi hilo, na asiyeweza kukuonyesha tarakimu hizo hajawa tayari kuifungua injini yako.