Buletini haisemi yote juu ya mutoto

Kila mwezi wa 7, wakati masomo inafunga, nyumba mingi mu mitaa yetu inakuwa sawa tribinali. Mutoto anasimama na buletini ku mukono, papa anasoma, mama ananyamaza.

Sisi wenye kuandika hii, tulifanya vile pia. Mwaka moja, kijana wetu wa miaka 14 alileta 46 juu ya 100. Tulimusemesha maneno makali mbele ya bajirani: «Unakula bukari yetu ya bure!» Kesho yake asubuhi, kitanda kilikuwa wazi. Siku ya tatu, mutu mumoja alituletea habari: yuko ku mutoni, anasafisha minerai. Tulimukuta na batoto wengine, maji mpaka ku magoti, ngozi ya miguu imepasuka. Alituangalia, akasema: «Papa, huku hakuna mutu ananiuliza pointi.»

Neno ile ilituchoma.

Bazazi betu walitufundisha njia moja tu: soma, pata diploma, ingia ku kompani. Wakati wao njia ile ilikuwa na maana, juu kompani ilitoa nyumba, matunzo ya hospitali, masomo ya batoto, na unga. Lakini wote tuliona vile mambo iligeuka. Kuanzia 2003, zaidi ya batumikaji 10,000 wa Gécamines waliacha kazi mu mpango wa kuondoka kwa mapenzi. Ku avenue yetu, wenye walisimama mbio ni wale walijua kitu kingine pembeni ya kazi: kulima, kushona, kusudika chuma, kutengeneza motere.

Hatusemi masomo haina faida. Tangu 2019, primeri ku masomo ya serikali ni ya bure, na sheria ya 2009 ya kulinda mutoto inakataza kumuingiza mu kazi ya hatari. Tena iko maneno ya afya. Mu 2018, bawalimu wa Université ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitangaza matokeo ya uchunguzi wa Kasulo, kule Kolwezi: batoto wenye kuishi karibu na mashimo walikuwa na kobalti mingi mu mwili kupita wale wa mutaa wa pembeni. Basi mutoto mwenye tunamufukuza na kelele, tunamufukuza kwenda wapi?

Kijana wetu alirudia mwaka. Sisi tulibadilisha ulizo. Jioni hatuulize tena «umepata ngapi?», tunauliza «nini ilikushinda leo?» Ndipo tulijua kama alikuwa anaenda ku kalasi na tumbo wazi, na kama kurani ikikatika alikuwa analala bila kurudilia somo. Miezi mingi tulikuwa tunasema «ni muvivu».

Nyuma ya nyumba, mbali na barabara ya makamyo, tulitengeneza bustani ndogo. Maganda ya viazi na majani tunayaozesha, inakuwa mbolea. Tunapanda lengalenga na matembele, na tunaosha majani vizuri na maji safi mbele ya kupika. Nguo za ku mine zinabakia inje, zinafuliwa peke yake, hazichanganyike na za batoto. Mutoto anakula kitu mbele ya kutoka asubuhi, hata kama ni uji tu. Ni yeye anahesabu mafungu ya lengalenga yenye mama anauzisha, na hesabu yenye ilikuwa inamuogopesha sasa anaifanya bila kutumwa.

Mwaka ule alipata 54. Leo yuko mu sehemu ya ufundi, umeme. Jirani mumoja alituuliza: «Hamukutaka awe munganga?» Tulitaka, ndiyo. Lakini ile ilikuwa ndoto yetu, haikuwa yake.

Bazazi wenzetu, mwezi wa 7 unakuja. Mbele ya kufungua buletini, tumuangalie kwanza mwenye kuileta.